Masanduku Yangu Safi

Jumapili, 1 Septemba

Mke wangu amenipa daftari hili ili niache kumsimulia habari za panya wakati wa chakula. Haya basi, daftari, sasa ni zamu yako kupoteza hamu ya kula.

Mimi ni Haimona, seremala. Umri wangu hamsini na minne, wa magoti sabini na mmoja. Natengeneza majeneza ya bonde hili mwaka wa ishirini na sita sasa, na mpaka leo hakuna mteja aliyerudi kulalamika. Mwaka huu natengeneza masanduku ya aina nyingine, ya mitego. Mwezi wa nne miti ya tawhai ilimwaga mbegu kuliko nilivyowahi kuona. Panya wakala, wakazaana. Vicheche nao watakula panya, watazaana, kisha watatafuta kitu kitamu zaidi. Hawa vicheche wetu ni wembamba kama mpini wa nyundo, ncha ya mkia nyeusi. Waliletwa zamani na wageni ili wamalize sungura. Sungura wangali wapo. Wanaomalizika ni ndege.

Katika mto wetu, Mangakōwhiri, wamebaki bata wa buluu jozi mbili tu. Tunawaita whio, kama dume anavyojiita mwenyewe: mluzi mmoja mwembamba, kama mzee anayemwita mbwa aliyekwisha kukata tamaa naye. Jike akishaatamia hatoki, na kicheche akimkuta humla palepale juu ya mayai.

Ng'ambo ya kushoto ni yangu, masanduku ishirini mapya. Ng'ambo ya kulia ni ya binamu yangu Mereana, masanduku ishirini aliyorithi kwa marehemu baba yake, yamepinda kila upande na kuwa meusi kwa damu. Yangu yamepigwa msasa, pembe zimeumana hata maji hayapiti. Mereana aliyazunguka leo huku anavuta sigara.

"Mazuri, kaka," alisema. "Vishikio vya kubebea utaweka lini?"

Jumapili, 8 Septemba

Jozi ya juu imetaga upande wangu, chini ya mzizi kwenye bwawa la mawe meupe. Nimemwona jike akiingia.

Ukaguzi wa kwanza. Upande wangu panya kumi na wanne, vicheche hakuna. Mereana panya kumi na mmoja, vicheche wawili.

"Bahati," nikamwambia.

"Bahati mara mbili," akasema.

Kutoka mtoni njia inapita kwa Kui Te Paea (Kui ni heshima ya bibi mzee), mama yake Mereana, shangazi yangu. Ana miaka themanini na saba. Zamani alikuwa akisikia mluzi wa whio akiwa kitini barazani. Sasa masikio hayafiki huko, na macho yalitangulia kustaafu. Kwa hiyo habari za mto anazipata kwangu, maskini. Nilimchemshia chai, nikamtilia sukari kijiko kimoja kama apendavyo.

"Wako?"

"Wako, Shangazi. Jike ameatamia."

"Mbele za watu mimi ni Kui. Shangazi ni pale unapotaka biskuti."

Nikachukua biskuti.

Jumatatu, 9 Septemba

Mvua.

Jumapili, 15 Septemba

Mvua. Panya kumi na saba. Vicheche hakuna. Mereana watatu.

Jumapili, 22 Septemba

Panya kumi na tisa, vicheche hakuna. Mereana kapata wawili tena, na mmoja alikuwa ameingia sanduku ambalo kifuniko chake kimefungwa kwa kamba ya kiatu. Binamu yangu huyu hujui kama anatega au anatupa takataka. Akitoa mzoga huuzungusha kwa mkia, huurusha kwenye majani, hudondosha yai jingine la chambo, na safari inaendelea.

Basi kosa liko kwenye umbo la sanduku. Nimekaa karakana siku mbili. Ubao wa nyuma nimeutoa, nimeweka waya wa wavu, ili kicheche akichungulia aone mwanga upande wa pili na kudhani ni njia ya kupita. Tundu la kuingilia nimelipunguza, na ndani nimeweka ukuta mdogo wenye tundu lisilolingana na la nje, ili ndege mwenye mdomo mrefu asifikie chuma. Kazi safi, hata mimi niliiangalia mara mbili.

Na usafi sichezi nao. Kila nikitoa mzoga nalisugua sanduku kwa sabuni na brashi, nalisuuza mtoni, nalikausha kwa kitambaa, ndipo naweka yai. Mahali palipolala maiti hapawekwi chakula. Hilo nilifundishwa kabla ya kufundishwa kutembea, na kwa kazi yangu ya majeneza nalishika mara mbili.

Jumapili, 29 Septemba

Panya ishirini. Vicheche hakuna. Siandiki za Mereana.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nimekwenda kuangalia jozi ya chini, ile ya kwenye kingo za udongo, nayo iko upande wangu. Dume alikuwa amesimama juu ya jiwe peke yake, anapiga mluzi. Nilikaa nusu saa. Jike akiwa hai humjibu dume kwa sauti ya kukwaruza, kama mlango wenye bawaba kavu. Hakujibiwa.

Nilitambaa hadi kwenye kiota. Manyoya. Maganda ya mayai matano, kila moja lina tundu dogo nadhifu, kazi ambayo mimi mwenyewe nisingeiweza kwa keekee. Jike alikuwa amevutwa hatua nne, shingo imeng'atwa nyuma.

Hatua tisa kutoka pale kulikuwa na sanduku langu namba nne. Mtego umekaa wazi, yai zima, mbao zinang'aa. Kwenye tope mbele ya tundu kulikuwa na nyayo za kicheche. Alifika, akasimama, akageuka.

Nikakaa kando ya sanduku. Kwa mara ya kwanza nikakichukia kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu.

Kwa Kui nilipita. "Wako?" akauliza. Nikasema jozi ya juu iko. Hakuuliza ya chini, nami sikumwuliza kwa nini haulizi.

Jumapili, 13 Oktoba

Wameanguliwa. Sita. Nimewahesabu mara tano kwa sababu hawatulii, wanateleza juu ya povu kama vizibo vya chupa vilivyopata pumbao. Jike mbele, dume nyuma.

Nilikimbia hadi kwa Kui, yaani nilitembea nikihema.

"Wangapi?"

"Sita, Shangazi."

Alifumba macho. "Sita," akasema. "Niliolewa mwaka ambao walikuwa wanane bwawa lile lile. Mume wangu alidai ni dalili. Tukapata mmoja, huyo mvuta sigara."

Kuanzia leo swali lake ni hilo tu: wangapi.

Jumapili, 20 Oktoba

Panya ishirini. Vicheche hakuna. Vifaranga watano.

Mvua imejaza mto, inawezekana maji yalimchukua mmoja. Nilijiambia hivyo njia nzima. Kwenye mchanga wa bwawa kulikuwa na nyayo, lakini nilijiambia hivyo.

"Wangapi?"

Nilikuwa namimina maji ya moto, mgongo umemwelekea. "Sita," nikasema. Nikatia sukari vijiko viwili, sijui kwa nini.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimelala karakana. Mke wangu ameleta sahani, ameiweka juu ya jeneza la akiba, kisha akakumbuka, akaichukua haraka na kuiweka chini.

Jumapili, 27 Oktoba

Wanne.

Tatizo mojawapo nimelijua, angalau. Panya ni wengi hivi kwamba usiku wa kwanza tu mmoja anaingia, mtego unafyatuka, na sanduku linabaki limefungwa juma zima. Kicheche akija Jumanne anakuta duka limefungwa tangu Jumapili. Kwa hiyo nimebuni sanduku refu lenye mitego miwili, mmoja kila upande, ukuta wa wavu katikati, yai katikati ya wavu ambapo hakuna anayelifikia. Panya akichukua upande mmoja, wa pili unangoja.

Nilipoujaribu mtego wa pili niliujaribu kwa dole gumba. Unafanya kazi. Kucha imekuwa nyeusi, na jirani yangu mmoja amesema hatimaye nimenasa kitu kisicho panya.

"Wangapi?" "Sita." Vijiko vitatu.

"Hawafi, hawa bata?" akauliza Kui.

"Mama yao mkali."

Jumapili, 3 Novemba

Masanduku yote ishirini sasa yana mitego miwili. Panya thelathini na wawili. Vicheche hakuna. Mitego kadhaa ilikuwa wazi, inangoja, na nyayo zilipita kando yake.

Jumanne, 5 Novemba

Watatu.

Niandike polepole, maana dole bado linauma.

Nilikuwa kwenye sanduku namba kumi na tatu, lililo karibu kabisa na bwawa. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye maji, ninasugua. Sikumsikia Mereana akivuka daraja la kamba. Alikuwa amekuja kuomba mayai, ya kwake yamekwisha. Akasimama nyuma yangu muda, nadhani.

"Unaogesha mtego?" akauliza.

"Natoa damu."

"Ya nini?"

"Nitaweka yai hapa, Mereana. Ulilelewa wapi? Unaweka chakula juu ya maiti?"

Akacheka. "Unamwandalia kicheche meza. Kitambaa na uma umeleta?"

Kisha akaacha kucheka. Niliona sigara ikishuka kutoka mdomoni.

"Haimona. Umeosha mangapi?"

"Yote."

"Tangu lini?"

"Tangu Septemba. Kila mara."

"Kwa sabuni?"

Nikamwonyesha kipande. Ni ya ndimu, mke wangu huinunua.

Alikaa kwenye jiwe. "Kicheche hutembea kwa pua," akasema. "Akinusa kicheche mwenzake amepita mahali, lazima aingie ajue ni nani. Akinusa damu ya panya, anajua hapa huliwa. Ndiyo maana baba hakugusa mbao zile miaka kumi na minane. Wewe unamwekea nini? Unamwekea harufu ya mke wako."

Nikasema habari ya mwiko. Nilisema kwa sauti kubwa, kama mtu anayejua amekwisha kushindwa.

"Mimi mwiko naushika," akasema. "Nikitoka mtoni nanawa mikono kabla sijagusa hata kiberiti. Lakini sanduku lote ni la kifo, kaka. Yai likishaingia humo si chakula tena. Chakula cha nani? Wewe umechukua kaburi ukaligeuza jiko, halafu unalisafisha kila siku."

Nikaitia sabuni mfukoni. Watu wote wa bonde hili wanaujua mwiko ule, na wote wametega bila kukosea. Ilibidi apatikane mtengeneza majeneza aushike kupita kiasi, mpaka vifaranga watatu waliwe, na jike mmoja afe hatua tisa kutoka kwenye sanduku lililonukia ndimu.

Nilimwambia kuhusu jike yule. Alikuwa hajui nyayo zilifika mlangoni na kugeuka. Akaitupa sigara mtoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Masanduku yangu yananuka vizuri lakini yana mtego mmoja," akasema baadaye. "Juma hili kumi na sita yalifungwa na panya."

Tukaangaliana. Useremala ndio peke yake ninaoujua, kwa hiyo nikasema la useremala: "Nipe mbao za sakafu za masanduku yako."

Kwenye kila ubao baba yake aliandika kwa penseli tarehe ya kicheche wa kwanza. Nilikuwa namwomba niing'oe kazi ya baba yake, niikate, niitie kwenye masanduku yangu.

"Usipige msasa," akasema.

Jumatano, 6 Novemba

Tumefungua skrubu ishirini na nane na tumevunja nyingine kwa hasira. Kila ubao nimeukata vipande viwili, kimoja chini ya kila mtego. Upande wa penseli nimeuelekeza ndani. Karakana inanuka kiasi kwamba mke wangu amehamia kwa dada yake. Masanduku kumi yamebaki kwangu, na namba zake zile zile, kumi yamekwenda kwa Mereana. Nimeyabeba mgongoni mawili mawili.

Jumamosi, 9 Novemba

Kicheche. Namba kumi na tatu, dume, mrefu kuliko mkono wangu hadi kiwiko. Nilikaa namtazama kama mtu aliyeletewa barua.

Kisha nikaenda bwawani. Wawili.

Alimpata mmoja kabla ya sisi kumpata yeye. Saa ngapi hizo, siku gani, labda ile ile nilipokuwa nakausha kwa kitambaa.

Sikuosha sanduku. Mikono ilikuwa inataka, ilikwenda mfukoni yenyewe kutafuta sabuni. Nilinawa mikono tu.

"Wangapi?"

Leo nilikusudia kusema kweli, nilijifunza maneno njiani. Akanigeuzia uso wake ule usioona, umejaa hamu. "Sita," nikasema. Vijiko vinne.

Jumapili, 17 Novemba

Pande zote mbili: panya thelathini na mmoja, vicheche watatu. Wawili.

Jumapili, 24 Novemba

Panya ishirini na saba, vicheche wanne. Wawili, wameanza kuota manyoya ya kweli. Bado mwezi mzima kabla hawajaweza kuruka.

Kui anakohoa. Alikunywa chai nusu.

Jumanne, 26 Novemba

Wawili.

Jumatano, 27 Novemba

Kui Te Paea amefariki alfajiri. Mereana alinipigia simu, akasema "Kaka, leta vipimo," akakata.

Alhamisi, 28 Novemba

Nimemaliza jeneza. Mbao ya totara, pembe zimeumana hata maji hayapiti. Hili nimelipiga msasa.

Yuko marae, uwanjani kwa ukoo wetu, kwenye baraza la nyumba kuu, uso wazi. Mereana ameketi kando yake, haondoki hadi maziko. Mimi niliyeshika jeneza sishiki chakula wala yai hadi Jumamosi. Waliobaki wote wako jikoni wanalisha watu mia tatu. Mtoni hakuna mtu. Masanduku yalitegwa Jumanne, na panya hawafungi msiba.

Ijumaa, 29 Novemba

Asubuhi nilifika hadi darajani. Nikasimama. Nikarudi.

Mchana ikafika zamu yangu ya kusema. Kwetu maiti hasimuliwi, anaambiwa. Unasimama mbele yake unasema naye, na watu wote wanasikiliza mazungumzo yenu. Nilikuwa nimetayarisha habari za utoto wangu na biskuti. Nikasimama, nikamtazama, na kinywa kikatoa kingine.

"Shangazi," nikasema, "nilikudanganya. Si sita. Tangu tarehe ishirini Oktoba si sita. Wamebaki wawili. Wale wanne wameliwa kwa sababu niliyaosha masanduku kwa sabuni ya ndimu, na jike wa chini pia. Nilikuwa nikitenga mahali pa maiti na mahali pa chakula, kama ulivyotufundisha, nikakosea papi ni papi. Wawili, Shangazi. Nimewaona Jumanne."

Mzee mmoja wa nyuma akauliza, "Seremala, na masanduku yetu sisi huyaoshi kwa ndimu?" Watu wakacheka mpaka wengine wakashika vichwa, nami nikacheka nikilia. Mereana hakucheka. Alikuwa ananitazama tu.

Nilipoketi ndipo nikaanza kuhesabu siku. Nimemwambia maiti kwamba wamebaki wawili. Mitego haijaguswa siku tatu. Huenda nimemdanganya tena, na safari hii mbele ya watu mia tatu, na hakuna chai ya kufunikia.

Jumamosi, 30 Novemba

Tumemzika. Tumenawa mikono getini.

Jumapili, 1 Desemba

Tulikwenda pamoja, Mereana bado na nguo nyeusi, viatu vya mtoni. Namba moja: panya upande mmoja, upande wa pili wazi. Namba mbili: panya wawili, duka limefungwa. Namba tatu hivyo hivyo. Kufika namba kumi magoti yangu yalikuwa yamekwisha kukata tamaa kabla yangu.

Namba kumi na tatu. Kushoto panya, amekauka, wa Jumanne au Jumatano. Kulia kicheche jike, bado laini, matiti yamejaa. Amekufa juu ya ubao wenye penseli. Mereana aliinama akasoma tarehe ya baba yake, akasimama.

Tukashuka bwawani. Dume juu ya jiwe. Jike kwenye povu. Vifaranga hakuna.

Tulikaa. Nusu saa, labda zaidi.

"Ulimwambia wangapi?" akauliza Mereana, kama vile hakuwepo.

"Wawili."

"Mbele ya watu wote."

"Mbele ya watu wote."

Akawasha sigara. "Alijua, lakini," akasema. "Mama. Idadi hakuijua. Aliniambia, 'Mambo ni mabaya mtoni, chai ya Haimona inazidi kuwa tamu.' Juma la mwisho alisema hainyweki."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alisema ukiacha kudanganya utaacha kuja pia."

Nilitazama maji kwa sababu sikutaka kumtazama yeye. Jike akatoa ile sauti yake ya bawaba kavu. Chini ya mzizi majani yakatikisika, kifaranga akatoka, mkubwa, mbaya wa sura, nusu manyoya nusu pamba. Mmoja. Tukangoja. Mereana alikuwa ameshika mkono wangu, upande wa dole bovu, na sikumwambia.

Wa pili alitoka akiwa na mdudu mdomoni. Alikuwa anakula.

"Hukumdanganya," akasema Mereana.

Jumatatu, 2 Desemba

Mvua. Panya tisa, kicheche mmoja. Nimenawa mikono tu. Wawili.